Kalenda ya Fundi wa Misima

Agosti ikifika Paris, maduka mengi madogo hufunga milango na kubandika karatasi ya likizo. Italia nao wana Ferragosto yao, tarehe 15 ya mwezi huohuo, siku ambayo hata mwenye kiu hupata shida kumpata muuza kahawa. Ushauri mwingi wanaopewa wanawake wenye biashara umezaliwa na kalenda hiyo: joto linakuja, wateja wanasafiri, punguza kazi, vuta pumzi. Mwanamke mwenye cherehani Misima akiufuata ushauri huo kama ulivyo, atafunga mlango wakati ambapo magunia ya mahindi yanapita mbele ya kibaraza chake kuelekea sokoni, na wenye magunia wanamtafuta awashonee nguo za harusi.

Misima ni kata ya Wilaya ya Handeni, mkoani Tanga, kwenye barabara itokayo Korogwe kwenda Handeni mjini, ile ya kilomita 65 ambayo zamani ilimfikisha abiria akiwa na rangi moja na vumbi na leo ni lami tupu. Hapa ni Uzigua. Watu wanalima mahindi, mihogo na kunde. Kuna machungwa, kuna ng'ombe, kuna Wamasai wanaopita na mifugo. Wachache mno wanapokea mshahara wa mwezi. Fedha huja na mvua, au tuseme huja miezi kadhaa baada ya mvua, na mvua yenyewe ikikosea njia, fedha nayo haiji.

Fundi anayesimuliwa hapa alianza kushona zama za vumbi. Cherehani yake ni ya kukanyaga kwa miguu, na kazi zake ni zile za fundi yeyote wa kijijini: sare za shule, magauni ya vitenge, madera, kanzu za watoto, zipu zilizokatika, suruali za mitumba zinazotaka kupunguzwa kiuno. Hakuwahi kusomea biashara. Alichokuwa nacho ni daftari la mistari ambalo aliandika jina la mteja, vipimo, tarehe ya kupokea kazi, advansi na baki. Aliliandika ili asigombane na watu. Baada ya miaka kadhaa, daftari hilohilo likamwonyesha mambo ambayo hakuna mtu angemwambia.

La kwanza lilihusu Idi.

Mwaka 2016 Idi ya Mfunguo Mosi iliangukia mwanzoni mwa Julai. Mahindi yalikuwa yakivunwa, machungwa yakiuzwa, na kila nyumba ilitaka watoto watoke na nguo mpya kwenda kuswali. Fundi alishona usiku kwa taa, akakataa kazi, akakosana hata na shoga zake waliochelewa kuleta vitambaa. Mwaka uliofuata Idi ikawa mwishoni mwa Juni, kisha katikati ya Juni, kisha mwanzoni mwa Juni. Mwaka 2020 ilikuwa Mei 24. Mwaka 2022 ilikuwa mwanzoni mwa Mei, na 2024 ikaangukia Aprili 10, katikati ya masika, wakati mahindi shambani hayajafika kiunoni na gunia la mwisho ndani ya nyumba linatazamwa kwa jicho la wasiwasi.

Kila mwaka oda za Idi zilipungua kidogo. Kijijini maelezo hayakukosekana. Kuna waliosema vijana sasa wanavaa mitumba. Kuna waliosema lami imewafundisha watu kupanda basi kwenda Soko la Manundu, Korogwe, kununua nguo iliyokwisha kushonwa. Kulikuwa na ukweli ndani ya yote hayo. Lakini daftari lilionyesha jambo jingine: wateja walikuwa walewale, majina yaleyale, ila mwenye watoto wanne aliyezoea kuleta vitambaa vinne alileta viwili, na aliyezoea kulipa taslimu akaomba asubiriwe. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kuliko wa Kizungu kwa siku 10 au 11. Idi inarudi nyuma, mavuno yanabaki palepale. Kwa takriban muongo mzima sikukuu kubwa kuliko zote katika biashara yake ilikuwa ikitembea taratibu kutoka mwezi wa shibe kwenda mwezi wa ukata, na yeye akiifuata na cherehani yake.

Hapo ndipo alipoanza kupanga mwaka kwa kuangalia mifuko ya wateja badala ya kuangalia kazi iliyo mezani. Alipoyapanga majina kwa miezi, picha ilijitokeza bila taabu. Desemba na Januari ni sare: shati jeupe na kaptula au sketi ya bluu, kwa maana shule hufunguliwa Januari, na tangu elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016, watoto wanaoanza darasa la kwanza ni wengi huku sare ikibaki mzigo wa mzazi. Februari ni kumalizia viporo. Machi hadi Mei ni masika, na masika ni ukimya. Juni fedha huanza kunukia. Julai hadi Septemba ni mavuno, harusi, ngoma, na nguo za kujionyesha. Oktoba watu wanarudi shamba kwa mvua za vuli, ambazo huku hazina ahadi ya kweli: zinaweza zisije, au zije kwa hasira kama Oktoba 2019, mafuriko yalipoiharibu miundombinu ya Handeni na Korogwe.

Basi msimu wake wa polepole ni Machi hadi Mei. Kuujua ni rahisi. Kuumiliki ndiko kulikomgharimu miaka.

Kwa mwanamume mwenye kiduka, mwezi usio na wateja ni mwezi wa kukaa barazani, kucheza bao, au kwenda Handeni mjini kutafuta kibarua. Kwa mwanamke, mwezi usio na wateja una wenyewe tayari. Masika ni palizi. Mahindi yakishaota, magugu yanaota kwa kasi kuliko mahindi, na jembe la palizi Uzigua, kama kwingi nchini, hushikwa zaidi na wanawake. Kuna shamba la nyumba, kuna shamba la mama mkwe, kuna msiba wa upande wa baba watoto ambao lazima mtu akapike, kuna binamu aliyejifungua. Watu hawaombi kwa ubaya. Wanaona cherehani imenyamaza, wanajua mwenyewe yuko. "Mwanangu, si siku hizi huna kazi?" mama mkwe alimwuliza masika moja, na swali lilikuwa la upendo kabisa. Alitaka kumtuma Korogwe na mgonjwa.

Alikwenda, kwa kuwa huwezi kumkatalia mama mkwe mwenye mgonjwa. Lakini mwaka uliofuata alifanya jambo dogo ambalo majirani waliliona la kiburi. Kabla ya Machi, alikwenda kwa wakubwa wa nyumba mmoja mmoja, akaamkia, akaketi, akaeleza kwamba asubuhi za siku fulani za wiki atakuwa kazini hata kama hakuna mteja. Siku za shamba akazitaja kwa majina. Siku za cherehani akazitaja pia. Baba watoto alicheka kwanza, akauliza ni kazi gani hiyo isiyo na mteja. Akaonyeshwa daftari, ukurasa wa Januari, mahali palipoandikwa majina ya wazazi waliokwenda kununua sare Korogwe kwa sababu za kwake hazikuwa tayari siku shule ilipofunguliwa. Hakucheka tena.

Sare za shule ya msingi zina heri moja: hazibadiliki. Shati jeupe la mtoto wa miaka saba mwaka huu ndilo shati jeupe la mtoto wa miaka saba mwakani. Nguo ya harusi huwezi kuishona kabla hujamjua bibi harusi, lakini shati la darasa la kwanza unaweza kulishona Aprili likauzwa Januari. Tatizo lipo kwenye mtaji. Robota la kitambaa lililogeuzwa mashati Aprili ni fedha iliyolala miezi tisa, na fedha ya mwenye cherehani moja haina nafasi ya kulala. Ndiyo maana hakushona yote. Alikata vipande. Kukata ndiko kunakokula muda: kupima, kuchora kwa chaki, kupanga vipande kitambaa kisipotee bure. Mashati machache tu aliyamaliza kabisa, ya kuonyesha. Mengine yakakaa kabatini yakiwa kola, mikono na migongo iliyofungwa kwa kamba kwa saizi, vifungo na uzi vikisubiri kununuliwa Desemba. Kazi ya siku nzima ikageuka ya saa chache.

Kazi nyingine ya masika ni wanagenzi. Julai huwezi kumfundisha msichana kushika mkasi, kwani kosa lake ni kitenge cha mtu na harusi ni Jumamosi. Aprili anaweza kuharibu vitambaa vya magunia na mashuka makuukuu mpaka mkono ukae sawa. Mafundi wengi wa vijijini hupokea wanagenzi wakati kazi imefurika, wakiwataka wawasaidie, kisha wanalalamika kwamba vijana wa siku hizi hawajifunzi. Wangejifunza saa ngapi?

Suala la madeni lilikuwa gumu zaidi, na hapa inafaa kusimama kidogo.

Nchi ya Wazigua inaikumbuka njaa. Mwanahistoria James Giblin, katika kitabu chake cha mwaka 1992 juu ya eneo hili, ameonyesha jinsi maisha ya hapa yalivyofungamana kwa vizazi na nani ana akiba ya chakula na nani anamtegemea. Katika karne ya 19 Wazigua wengi walipelekwa utumwani Somalia, njaa ikiwa mojawapo ya sababu zilizowasukuma pwani, na wajukuu wao katika Bonde la Juba wamedumu kuzungumza Kizigua. Baadhi walirudi kama wakimbizi wakapewa makazi Chogo, hapahapa Handeni. Katika nchi yenye kumbukumbu hiyo, mtu mwenye gunia moja Aprili hawezi kulaumiwa kwa kutoliuza anunue kitenge. Atasema, "Nishonee, dada, tukivuna nitalipa," na anamaanisha.

Tatizo la "tukivuna" ni kwamba kila mwenye biashara kijijini ameambiwa maneno hayohayo: muuza duka, muuza dawa, mwenye mashine ya kusaga. Julai mkulima anapouza mahindi ana wadai watano mlangoni, na fundi ni wa mwisho, kwani nguo imeshavaliwa. Kukataa kabisa kukopesha maana yake ni kukosa wateja Agosti. Kukopesha ovyo maana yake ni kukosa fedha ya uzi Mei. Alichoamua ni kukopesha mikono bila kukopesha kitambaa. Masika mteja akitaka nguo kwa deni, aje na kitambaa chake. Fundi atatoa kazi. Deni lisipolipwa amepoteza jasho, na jasho la Aprili lilikuwa halina mnunuzi mwingine. Nguo ya kitambaa cha dukani mwake ni taslimu, hata kwa shemeji. Na viraka, zipu na kupunguza mitumba, kazi ndogondogo ambazo watu huzikimbilia wasipoweza kununua kipya, hizo ni za kulipia palepale, sarafu kwa sarafu. Ajabu ni kwamba hizo ndizo zilizomlipia mboga miezi mitatu.

Wengine walipenda kulipa kwa mahindi, naye akakubali, kwa bei ya soko ya siku ya kulipa. Agosti mahindi ni bei ya chini kwa kuwa kila mtu anauza. Aprili bei hupanda kwa kuwa kila mtu ananunua. Magharibi ya Kenya, watafiti Marshall Burke, Lauren Bergquist na Edward Miguel walichunguza hali kama hiyo kwa wakulima waliokopeshwa fedha wakati wa mavuno ili wasilazimike kuuza kwa hasara, na matokeo yao yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kwamba waliopewa nafasi ya kungoja walipata zaidi. Fundi hakuhitaji kuusoma utafiti huo. Alihitaji mahali pa kuhifadhi, maana dumuzi, yule mdudu ambaye wakulima walimpachika jina la Scania kwa jinsi anavyobomoa, anaweza kugeuza gunia kuwa unga kabla hujafika mashineni. Dawa yake ni mifuko ya PICS yenye tabaka tatu, isiyopitisha hewa, iliyobuniwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue huko Kamerun kwa ajili ya kunde katika miaka ya 1980 na sasa inauzwa sehemu nyingi za nchi.

Sehemu kubwa ya mahindi hayo ililiwa nyumbani, ambayo ndiyo faida kubwa: mwanamke asiyenunua unga Aprili hana haja ya kugusa fedha ya biashara. Yaliyobaki aliwauzia majirani kwa kilo. Wapo walionong'ona kwamba anawauzia watu mahindi yao wenyewe. Neno hilo halikuwa la uongo kabisa, na hakuna hesabu inayolifuta. Alichoweza kufanya ni kuuza chini kidogo ya bei ya sokoni na kuendelea kusalimiana.

Halafu kuna kikoba. Vikundi vya namna hii vina historia ndefu: shirika la CARE lilianza kuvijenga Maradi, Niger, mwaka 1991, na vikaenea Afrika nzima, kwetu vikijulikana zaidi kwa jina la VICOBA. Wanachama hununua hisa kila wiki, hukopeshana, na mwisho wa mzunguko huvunja na kugawana. Vikundi vingi huvunja Desemba. Inaeleweka: kuna sikukuu, kuna daftari za watoto. Lakini Desemba fundi ana kazi tele. Fedha ya mgawo ilimkuta na fedha nyingine mkononi, zote zikatoka pamoja, na Machi ikamkuta hana kitu, mlangoni wakiwa wamesimama wakopeshaji wa kausha damu wanaotaka marejesho kila wiki. Marejesho ya kila wiki kwa mtu ambaye kipato chake ni cha msimu ni mtego, hata riba ingekuwa ndogo.

Mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo asilimia 4 ni ya wanawake, haina riba, lakini ilisitishwa Aprili 2023 na kurejeshwa mwaka 2024, kwa hiyo aliyekuwa ameitegemea masika ile alibaki kuhesabu vidole. Kikundi chake kilibishana vikao kadhaa kuhusu kuhamisha siku ya kuvunja. Waliokuwa na watoto wa sekondari hawakutaka kusikia. Muafaka uliopatikana ulikuwa wa nusu: Desemba wanagawana sehemu, Machi wanagawana iliyobaki. Mweka hazina alilalamika kwamba hesabu zimekuwa mbili, na ana haki, kwani ni yeye anayezifanya.

Mtu angedhani kwamba baada ya yote haya msimu wa kazi nyingi hauhitaji mpango. Unahitaji kuliko huo mwingine, kwa sababu ya maji. Handeni imehangaika na maji tangu zamani. Mradi wa HTM unaochota maji Korogwe kuyaleta Handeni umekuwapo kwa miongo, na sasa Handeni na Korogwe zimo katika ule mpango mkubwa wa maji wa miji 28. Masika, mwanamke huchota karibu. Kuanzia Julai malambo yanakauka, foleni zinarefuka, na ndiyo miezi ambayo cherehani haitakiwi kunyamaza. Saa za kazi nyingi kuliko zote na saa za kutafuta maji zinagongana juu ya kichwa cha mtu mmoja. Fundi alianza kununua maji kwa vijana wa bodaboda, dumu kwa dumu, na kuyaandika daftarini pamoja na uzi, sindano na mkaa wa pasi. Wifi yake aliona ni uvivu ulioandikwa kwa kalamu. Lakini dumu moja lilimrudishia saa za kutosha kumaliza gauni, na bei ya kushona gauni haifanani na bei ya dumu.

Kupumzika je? Alipumzika, ingawa neno hilo alilitumia kwa tahadhari. Baadhi ya siku za Mei, palizi ikishaisha, alifunga kibaraza akaenda kwa dada yake Korogwe bila mgonjwa na bila mzigo. Aliaga kabisa, asije akaonekana ametoroka. Cherehani aliiacha imetiwa mafuta na mkanda wake umelegezwa.

Sasa anaitazama kalenda ya mbele. Idi ya Mfunguo Mosi inakaribia kuvuka masika ikirudi nyuma: mwaka 2026 inatarajiwa karibu na Machi 20, mwaka 2029 katikati ya Februari, na 2030 mwanzoni mwa Februari. Mwaka huohuo wa 2030 Ramadhani itaingia mara mbili, Januari na tena mwishoni mwa Desemba. Maana yake ni kwamba oda za Idi zitaingia mlango mmoja na sare za shule, na mzazi yuleyule atatakiwa alipie vyote viwili kwa mfuko uleule wa Januari. Idi ya Mfunguo Tatu ndiyo itakayoangukia masika, Aprili na Mei, lakini hiyo watu hutafuta mbuzi kabla ya kutafuta gauni. Kwa hiyo ameanza kumnolea mwanagenzi mmoja mkono wa kukata, na anaulizia bei ya cherehani ya pili, ya mtumba, Korogwe. Ataichukua Agosti, mahindi yakishalipwa.